Mbunge Asiyeuliza Maswali

Katika siasa zetu neno "mhafidhina" limekuwa tusi. Visiwani hubandikwa wana-CCM wanaodhaniwa kuyachukia maridhiano. Huku Bara hubandikwa mzee yeyote wa chama anayekunja uso vijana wanapodai katiba mpya. Ni bahati mbaya, kwa kuwa neno lenyewe lina heshima yake. Limetoka katika shina moja na hifadhi, na anayehifadhi si lazima awe adui wa kesho. Fundi anayetia kalafati jahazi kuukuu badala ya kulipasua kuni naye ni mhafidhina.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinisimamisha katikati ya semina akauliza: "Mwalimu, Tanzania ina wahafidhina kweli, au ina watu walioko madarakani tu?" Swali hilo limekaa nami kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Jibu langu la siku ile lilikuwa fupi. Hapa ninalipa nafasi inayostahili, na mfano ninaoutumia unatoka nyumbani kwetu, upande wa bara wa Wilaya ya Bagamoyo: miaka ya mwanzo ya Jakaya Mrisho Kikwete Bungeni, tangu alipoteuliwa mwaka 1988 hadi Dodoma, Julai 1995. Urais wake umeandikwa sana, kwa sifa na kwa lawama. Miaka hii saba haijaandikwa vya kutosha, nami naiona kuwa ndiyo inayofundisha zaidi.

Najua wapo watakaoshangaa kumsikia Kikwete akiitwa mhafidhina. Mwaka 2005 aliingia Ikulu akiwa sura ya ujana na kasi mpya, mtu wa tabasamu na wa watu. Lakini uhafidhina ninaouzungumzia si wa mavazi wala wa imani. Ni ule wa mtu anayeamini kwamba chombo alichorithi ni bora kuliko chombo chochote kinachoweza kuundwa leo, na kwamba kazi ya mwanasiasa ni kukaa ndani yake, kupanda ngazi zake moja baada ya nyingine, na kutotoka hata anapoumizwa.

Tuanze na ngazi hizo. Kikwete alizaliwa Msoga tarehe 7 Oktoba 1950. Babu yake alikuwa chifu; baba yake alikuja kuwa mkuu wa wilaya. Katikati ya vizazi hivyo viwili kuna mwaka 1963, Serikali ilipofuta mamlaka ya machifu kwa sheria. Familia nyingi za watawala wa jadi zilibaki na hadithi na mikeka ya heshima kwenye harusi. Nyingine zilielewa mapema kwamba mamlaka yamehama nyumba, nazo zikahama nayo. Huo nao ni uhafidhina, tena wa aina ya busara: kutong'ang'ania kiti kilichovunjika.

Alisoma Msoga, kisha shule ya kati Lugoba, kisha Kibaha na Tanga, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972 kusoma uchumi. Alipohitimu mwaka 1975 akaenda kufanya kazi ya chama, TANU, mkoani Singida. Kwa mhitimu wa uchumi wa zama zile milango ya wizara na mashirika ya umma ilikuwa wazi, na mishahara yake ilikuwa ya kueleweka. Chama kilipozaliwa upya kama CCM mwaka 1977 alipelekwa Zanzibar kusaidia kukijenga. Baadaye tunamkuta katika Chuo cha Kijeshi Monduli akifundisha siasa, kisha akiwa katibu wa chama wa wilaya huko Nachingwea na Masasi. Miaka kumi na mitatu hivi, tangu 1975 hadi 1988, ni miaka ya kupangiwa vituo. Hakuna hata mmoja kati yake ambapo alisimama mbele ya wapiga kura wa Bagamoyo akawaomba chochote.

Hapo ndipo inapoingia jambo la kwanza ninalotaka wanafunzi wangu walione. Kikwete hakuingia Bungeni kwa mlango wa wananchi. Mwaka 1988 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuwa mbunge, kisha akamfanya Naibu Waziri wa Nishati na Madini. Katiba ilimruhusu Rais kufanya hivyo, na bado inamruhusu. Leo anaweza kuteua hadi wabunge kumi. Wengi hueleza uteuzi huo kuwa njia ya kuingiza utaalamu Bungeni. Ni kweli, lakini umefanya pia kazi nyingine tangu zamani. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, ule wa kwanza wa chama kimoja, Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha alishindwa kule Mwanza, kisha akarudi Bungeni na kwenye Baraza la Mawaziri kwa uteuzi wa Rais. Wananchi walimfunga mlango, Rais akamfungulia dirisha.

Nisieleweke vibaya. Simlinganishi Bomani na Kikwete. Huyu hakuwa amekataliwa na mtu. Ninachosema ni kwamba alikuwa naibu waziri kwanza, kisha akawa mgombea. Alipofika kwa wapiga kura wa Bagamoyo mwaka 1990 hakuja kuomba wampeleke Serikalini. Alikuwa tayari Serikalini. Alikuja kuomba wamthibitishe.

Ule uchaguzi naukumbuka kwa macho ya mtoto wa shule ya msingi. Vijana wa leo, waliozoea mabango ya rangi na magari ya vipaza sauti, wanastahili kuelezwa jinsi ulivyokuwa, kwa sababu ulikuwa wa mwisho wa aina yake. Waombaji walijaza fomu; mkutano wa chama wa wilaya ulipiga kura za maoni; majina yakapanda juu kupitia vikao; na Halmashauri Kuu ya Taifa ikarudisha mawili tu. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wagombea hao hawakuwa na kampeni zao binafsi. Walizungushwa pamoja na makada wa chama, wakaketi jukwaa moja, kila mmoja akapewa dakika zake, na ilikuwa mwiko kutaja kabila, dini au rangi ya mwenzako. Maswali yaliulizwa mbele ya wote wawili. Marehemu mama yangu, ambaye hakuwahi kumaliza darasa la nne, alikuwa akisema kwamba utaratibu ule ulikuwa na adabu: huwezi kumsengenya mtu ambaye magoti yenu yanagusana.

Kulikuwa na adabu, ndiyo. Kulikuwa pia na ukuta. Hapakuwepo jembe lingeweza kulima shamba ambalo chama hakijalipima. Mpiga kura aliweza kumkataa mtu, asiweze kukataa sera. Na katika mizani hiyo, mgombea ambaye tayari anapanda gari la Serikali alikuwa na uzito ambao hakuna dakika za jukwaani zingeweza kuusawazisha. Mama yangu alimpigia kura mtoto wa Msoga, na sababu yake aliieleza bila kuficha: "Mwanetu yuko kule ndani. Tukimtoa, nani atatusemea?"

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi darasani, kwani ndani yake kuna nadharia nzima ya uwakilishi. Kwa mama, mbunge hakuwa mtu wa kutoka nje kwenda kuibana Serikali. Alikuwa mtu wetu aliyeko ndani, na maadamu yuko ndani, sisi nasi tuko ndani kidogo.

Alishinda, na akawa waziri kamili: Maji, Nishati na Madini. Sasa tazama hesabu ya tarehe, ndugu msomaji. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, ambao ulilenga kila kaya ya kijijini ipate maji safi na salama ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991. Mwaka 1991 ulipofika, aliyekuwa ameshika wizara hiyo alikuwa mbunge wetu. Ahadi haikuwa yake. Aliirithi pamoja na pampu zilizokufa, visima vilivyokauka na hazina tupu ya miaka ya marekebisho ya uchumi. Mwaka huohuo ikatoka Sera ya Maji ambayo ilisogeza lengo lilelile la mita 400 mbele hadi mwaka 2002, na ikaanza kuzungumza lugha mpya ya wananchi kuchangia gharama.

Na jiografia nayo ina kejeli zake. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa katika miaka ya 1970, uko katika Wilaya ya Bagamoyo. Bomba lake kubwa limelazwa kuelekea kusini, kwenda kuinywesha Dar es Salaam. Ukisafiri barabara ile ulikuwa unaona kina mama wa vijiji vya kandokando wakiwa na ndoo kichwani, wanatembea sambamba na bomba. Silaumu mtu kwa mstari huo wa bomba. Ulichorwa kabla Kikwete hajahitimu hata masomo ya chuo. Ninauliza tu swali la kibunge: nani alipaswa kusimama Bungeni asubuhi, katika kipindi cha maswali, amuulize Waziri wa Maji ni lini vijiji vya Bagamoyo vitapata maji kutoka katika mto wao wenyewe?

Mbunge wa Bagamoyo. Na Waziri wa Maji alikuwa nani? Mbunge wa Bagamoyo.

Hili si fumbo la kuchekesha. Ndivyo mfumo wetu unavyofanya kazi. Waziri hujibu maswali, haulizi. Anafungwa na uwajibikaji wa pamoja wa Baraza la Mawaziri, kwa hiyo hata lililo nje ya wizara yake halisemi hadharani kama malalamiko ya jimbo. Analisema kwenye korido, kwenye simu, kwenye kikao kisicho na Hansadi. Huenda akalisema vizuri sana, na pengine akapata zaidi ya wanaopiga kelele. Lakini halibaki kwenye maandishi, na jambo lisilobaki kwenye maandishi mwananchi hawezi kulidai mwaka unaofuata.

Tena halikuwa jambo la miaka mitano. Mwaka 1995 Kikwete alihamia jimbo la Chalinze, lililobeba upande wetu wa bara, akaliwakilisha hadi mwaka 2005, na miaka hiyo yote kumi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kisha akawa Rais. Bagamoyo ya pwani ilimpata Dk. Shukuru Kawambwa kuanzia mwaka 2005 hadi 2020, naye sehemu kubwa ya muda huo alikuwa waziri. Chalinze ikaja kumpata Ridhiwani Kikwete katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2014. Januari 2022 akateuliwa naibu waziri. Wilaya yetu imekuwa ikipeleka Bungeni watu wa kujibu kwa zaidi ya miaka thelathini. Maeneo mengine ya nchi hutuonea wivu. Wana haki kidogo ya kutuonea, maana lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, iliwekwa katika kipindi cha urais wa mtoto wa Msoga, na mradi wa maji wa Wami hadi Chalinze ulijengwa kwa ushirikiano na China mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati mbunge wa eneo hilo akiwa ndiye mkuu wa diplomasia ya nchi. Wazee wa Lugoba hawahitaji mhadhiri awaunganishie nukta hizo.

Kuna mtu anayefaa kukumbukwa hapa, ingawa yuko mbali sana na Ruvu. Edmund Burke, ambaye wahafidhina wa Ulaya humhesabu kuwa baba yao, alichaguliwa kuuwakilisha mji wa Bristol mwaka 1774. Aliwaambia wapiga kura wake waziwazi kwamba Bunge si baraza la mabalozi wa majimbo, na kwamba anachodaiwa nao ni akili yake, si utii wake. Bristol walimvumilia miaka sita. Mwaka 1780 akaona hali imekuwa mbaya, akajiondoa, na kiti chake kilichofuata kikawa cha Malton, kijimbo kilichokuwa mfukoni mwa mfadhili wake, Lord Rockingham. Alitoka kwa wananchi akaingia kwa uteuzi. Kikwete alitoka kwa uteuzi akaingia kwa wananchi. Lakini wote wawili waliamini jambo moja ambalo mama yangu asingelikubali hata kidogo: kwamba mbunge ni wa taifa kwanza. Tofauti ni kwamba Burke alilisema, Bristol ikakasirika. Kwetu halikusemwa, kwa hiyo hatukupata nafasi ya kukasirika wala ya kukubali.

Rudi Dar es Salaam, ukumbi wa Karimjee, ambako Bunge lilikutana chini ya Spika Adam Sapi Mkwawa. Agosti 1993 wabunge 55, wakiongozwa na Njelu Kasaka wa Lupa, walipeleka hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Wote walikuwa CCM, kwa kuwa vyama vingi vilivyoruhusiwa tangu Julai 1992 havikuwa bado na wabunge. Serikali iliyumba, kwanza ikapinga, kisha ikaridhia, na azimio likapita. Mwalimu Nyerere akaingia kati kwa ghadhabu, akaandika kijitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akawasuta viongozi wa juu wa Serikali na chama kwa kuyumba. Mwaka uliofuata azimio likafutwa baada ya chama kuwauliza wanachama wake.

Huwa nawaambia wanafunzi: mkitaka kujua thamani ya kiti cha nyuma Bungeni, someni kisa cha G55. Wale hamsini na watano waliweza kuitikisa nchi kwa sababu hawakuwa mawaziri. Mkitaka kujua thamani ya kiti cha mbele, tazameni nani alibaki salama vumbi lilipotua. Desemba 1994 Waziri Mkuu John Malecela aliondolewa, Cleopa Msuya akashika nafasi yake, na katika mabadiliko hayohayo Kikwete, akiwa na umri wa miaka 44, akakabidhiwa Wizara ya Fedha. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyokithiri. Sheria ya Mamlaka ya Mapato ilipitishwa mwaka 1995, na mamlaka yenyewe ikaanza kazi Julai 1996.

Upande wa nishati alikotoka kulikuwa na deni jingine la kisiasa. Ile ilikuwa miaka ya ukame na mgao wa umeme, na katika mwaka wake wa mwisho wizarani ndipo mazungumzo na kampuni ya IPTL kuhusu mtambo wa megawati 100 yalipopamba moto. Mkataba wa kuuza umeme ulisainiwa Mei 1995, yeye akiwa ameshahamia Fedha. Mkataba huo ukaja kulitesa taifa kwa miongo miwili, na jina lake limetajwa humo mara nyingi na wakosoaji. Ninautaja kwa sababu insha inayozungumzia miaka hii bila kuutaja isingekuwa ya haki. Kuuchambua kunahitaji insha yake peke yake.

Kabla sijafika Julai 1995 niruhusu nirudi nyuma mwaka 1992, kwenye uamuzi mmoja mdogo. Mfumo wa vyama vingi uliwalazimisha wanajeshi kuchagua. Zamani askari alikuwa mwanachama wa chama na kambi ilikuwa na tawi lake. Sasa ilibidi mtu avue kimoja. Kikwete alistaafu jeshi akiwa Luteni Kanali, akabaki na chama. Kwa wengi hilo ni mstari mmoja tu wa wasifu. Kwangu ni ushahidi wa ile tabia niliyoitaja. Alipolazimika kuachia sehemu moja ya urithi wake, alishika ile iliyoshikilia nyingine zote.

Chimwaga, Dodoma, Julai 1995. Mkutano Mkuu wa CCM uliletewa majina matatu: Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza, asifikishe nusu ya kura. Raundi ya pili Mkapa akampita kwa tofauti ndogo. Inasimuliwa kila mahali, na kila msimulizi ana maneno yake, kwamba Mwalimu alimwona bado kijana.

Fikiria mazingira ya mwaka ule. Augustine Mrema alikuwa ametoka CCM miezi michache nyuma na umati ulikuwa unasukuma gari lake kwa mikono. Profesa Kighoma Malima, aliyemtangulia Kikwete pale Fedha, naye alitoka chama mwaka huohuo. Agosti akafia London. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na vigelegele. Mtu aliyeongoza raundi ya kwanza angeweza kutoka na nusu ya vijana wa chama nyuma yake. Hakutoka. Alimpongeza mshindi, akapanda jukwaani kumnadi, akaenda kuomba kura Chalinze, akaingia wizara aliyopewa, akangoja miaka kumi.

Siku ile kwenye semina nilimjibu yule mwanafunzi kwa mfano huu wa Chimwaga. Nilisema: ndiyo, tunao wahafidhina, na kipimo chao si wanachokisema wakiwa madarakani, bali wanachokifanya siku chama kinapowakatalia. Hakuridhika. Alisema kungoja nako kunaweza kuwa hesabu tu, kwamba aliyekuwa wa pili leo akiwa na miaka 44 ana uhakika zaidi wa kesho kuliko anayetoka. Ana hoja. Historia ya waliotoka haikuwa ya kutia moyo tangu siku za Zuberi Mtemvu, aliyejitenga na TANU mwaka 1958 akipinga kura tatu, akaunda chama chake cha ANC, na mwaka 1962 alipogombea urais dhidi ya Nyerere akapata chini ya asilimia 2. Kila kijana wa pwani aliyekulia katika siasa alilijua jina hilo na alijua limeishia wapi.

Lakini hesabu na imani haviko mbali kama wanafunzi wangu wanavyodhani. Ukiishi miaka ishirini ndani ya chombo ukihesabu kwamba kitakufikisha, siku moja utagundua unakipenda. Utakilinda hata safari yako ikiwa imekwisha. Kikwete alihifadhi chombo, huku akishiriki kubadilisha karibu kila kitu kilichopakiwa ndani yake. Alianza kazi TANU ya Azimio la Arusha. Alikuwa waziri chama kilipolegeza masharti ya uongozi kule Zanzibar mwaka 1991. Alikuwa Fedha wakati dola ikijiondoa kwenye biashara. Ujamaa ulishushwa bandarini, soko likapakiwa, na jina ubavuni likabaki lilelile. Wahafidhina wa Uingereza wangeutambua mchezo huo mara moja.

Linalonihuzunisha ni upande wa pili, upande wetu tuliobaki ufukweni. Bagamoyo ni mji uliozoea kuwa na wakubwa na kuachwa nao. Wajerumani waliufanya makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Jiwe la msingi la bandari mpya liliwekwa Mbegani Oktoba 2015, siku za mwisho za urais wa Kikwete, na serikali iliyofuata ikausimamisha mradi. Mambo makubwa hutujia kutoka juu na huondokea juu. Kati ya kuja na kuondoka, hatukujifunza kuuliza, maana kwa miaka mingi tulikuwa na mtu wetu ndani, na kumuuliza mtu wako mbele ya wageni ni utovu wa adabu.

Wiki tatu zilizopita yuleyule mwanafunzi alikuja ofisini. Ni msichana kutoka Miono, amebakiza muhula mmoja. Ameahidiwa nafasi katika jumuiya ya vijana ya chama mkoani kwao, na wakati huohuo kuna asasi ya kiraia inayomtaka awafundishe wanakijiji kufuatilia fedha za miradi ya maji. Alinishikia shikamoo, akakaa, akaniuliza ningekuwa yeye ningechagua ipi. Nilimwambia asinichukulie mimi mfano, kwani mimi nilichagua chaki. Kisha nikampa kazi, na nimeipa darasa zima: wachukue Hansadi za Bunge kuanzia mwaka 1990 hadi 2020, watafute kila swali linalohusu maji katika Wilaya ya Bagamoyo, waandike tarehe, jibu lililotolewa, na jina na jimbo la aliyeuliza. Yeye amechukua miaka ya 1990 hadi 1995. Anashinda maktaba, na jana alinitumia ujumbe akiomba nimwongezee siku kumi.